Mwendo wa Sahani Saba

Haya nilisimuliwa na Mashavu, mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwaka juzi, wiki ile mvua ilipokata barabara na sisi tukabaki barazani tunachambua maharage. Alinisimulia kwa siku tatu. Siku ya kwanza alicheka sana. Siku ya pili alicheka kidogo. Siku ya tatu alikuwa anachambua maharage ambayo tulikwisha kuyachambua jana yake, na mimi nikamwacha ayachambue.

Jina la nchi yao siliandiki. Aliniomba nisiliandike, na hata wenyewe waliwahi kukaa miezi minane bila jina, lilikuwa limepelekwa matengenezo, wakawa wanasema tu "hapa kwetu". Mimi shule niliishia darasa la nne. Kwa hiyo mambo ya serikali nayaeleza kama nilivyoelezwa, sikuongeza akili yangu. Ukiona mahali pana jambo lisilo na akili, ujue limetoka huko huko.

Basi, nchi hiyo ilikuwa na amani. Amani ilikuwa nyingi mpaka ikabidi ijengewe wizara, ikaitwa Wizara ya Utulivu na Burudani, yenye ghorofa tisa na askari kila ghorofa. Na kule hakuna mtu anayepotea. Zamani walikuwa wanapotea, lakini bunge likapitisha sheria kwamba kupotea ni kosa, na wananchi wa kule ni watiifu, hakupotea tena hata mmoja. Usiyemwona nyumbani yuko kwenye Likizo ya Kutafakari. Familia inaandikiwa barua nzuri yenye nembo: "Tunayo furaha kukupongeza kwamba mwanao ameteuliwa kutafakari." Ukienda kuuliza anatafakaria wapi, karani anakutazama kwa huruma, anasema mtu akiwa likizo hasumbuliwi.

Katika mji mmoja wa pamba kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Shija. Mwaka huo Mheshimiwa Waziri alikuwa amefungua daraja la mji, akasema mbele ya watu kwamba lina urefu wa mita mia nne. Shija alikuwa anafundisha vipimo. Akawachukua watoto wake arobaini na watatu na kamba ya katani, wakaenda kulipima daraja, wakapata mita sitini na moja. Wakaandika kwenye madaftari. Mkaguzi alipokuja akakuta watoto arobaini na watatu wamepata jibu moja, na kule watu wakizidi watano kukubaliana lazima wawe na kibali. Ile kamba ilifukuzwa shule kwa barua. Shija aliteuliwa kutafakari.

Mama yake, Mama Shija, akawa anakwenda Wizarani kila Jumatatu kukaa kwenye benchi. Hapo ndipo alipomkuta Bi Limi, mama mwingine, mfupi, mpole, ambaye mwanawe Luhende alikuwa dereva wa lori. Luhende alipiga honi wakati wa hotuba. Mbele yake alikuwa amekatiza mbuzi, lakini hotubani hapo palikuwa pametajwa mafanikio. Benchi lilikuwa la watu wawili, nao wakawa wanalikalia wawili, miezi kumi na moja, wakigawana mihogo ya kuchemsha. Mama Shija alikuwa akimsimulia mwenzake jinsi Shija alivyokuwa msumbufu kwa usafi tangu mdogo: akimaliza kula, sahani anaifudikiza, nzi wasitue. Hata ukimpa ugali chini ya mti, sahani inarudi imelala kifudifudi. Bi Limi naye alisimulia ya Luhende, lakini yeye hakuwa msemaji, akianza anaishia njiani.

*

Ndipo kikaja kile kikundi. Kiliitwa Mwili Mmoja, kikundi cha ngoma ya kisasa, na Mashavu alikuwa mchezaji wao. Kiongozi alikuwa Fikirini, mwanamume mrefu mwenye goti bovu.

Ngoma yao haikuwa kama hizi zetu za harusini. Wao wakija mahali hawaji na ngoma. Wanakuja mikono mitupu, wanakaa na wenyeji kwenye duara, na Fikirini anauliza swali moja tu: "Jana mwili wako ulifanya nini sana?" Kila mtu anajibu kwa mwili, hasemi. Mama anayekoboa anaonyesha kukoboa. Fundi baiskeli anaonyesha kupuliza mpira. Ukishautoa mwendo wako wote wanaufuata, kisha Fikirini anasema, "Ni wako, na sasa ni wetu." Huo hauondolewi tena. Wakishakusanya miendo wanaishona pamoja, na mji wenyewe unaicheza mbele ya watu. Kazi ya Mashavu ilikuwa kukumbuka. Kila mwendo, mguu gani unaanza, mkono unafika wapi, nani kautoa. Hakuandika, mwili wake ndio ulikuwa daftari.

Na walikuwa na mwiko mmoja: ukumbini hakuna mtazamaji. Aliyemo, anatoa.

Serikali iliwapenda. Kwenye cheti chao iliandikwa "kazi shirikishi kwa jamii", maneno ambayo Wizara ilikuwa imeyapata kwenye semina na inayapenda sana. Lakini upendo una masharti. Mkono usipite bega, maana mkono uliopita bega ni mkutano wa hadhara. Kulala chini ni mgomo. Watu watatu wakitazama upande mmoja ni maandamano, kwa hiyo kila mchezaji atazame upande wake. Na kila mwendo ujaziwe fomu nakala tatu: mtoaji, kiungo kinachohusika, kinakoelekea, na nia. Mama mmoja alionyesha kumbembeleza mtoto, fomu ikarudishwa ikiwa na swali: mtoto huyu anabembelezwa asahau nini?

Halafu wakaletewa mtu wa kuwaangalia. Aliitwa Kitundu. Kijana mnene kidogo, shati limebana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuja na kiti chake mwenyewe akakiweka kwenye kona ya ukumbi wa ushirika.

Mama Shija na Bi Limi walikuwamo. Walikuja kwa sababu ukumbi ule una paa na Wizara siku hizo ilikuwa imeondoa benchi. Mama Shija alitoa mwendo wa kungoja: mtu amekaa, anasogea kidogo kumpisha mwenzake. Bi Limi akatoa huo huo, wa kusogezewa. Fomu zao zilipita, zikaonekana zina adabu.

Siku tatu Kitundu alikaa konani. Siku ya nne Fikirini akamwendea na cheti, akamwonyesha yale maneno, kazi shirikishi kwa jamii. Akamwambia kwa heshima zote kwamba yeye Kitundu yumo ukumbini na hajashiriki, na kwamba ripoti ya wiki ina mstari wa wasioshiriki. Kitundu akasoma. Akasoma tena. Akavua kofia.

Mashavu anasema kosa la Kitundu lilikuwa moja tu, na ni kosa ambalo mtu hawezi kulifanya mahali pengine popote duniani. Alidhani siri iko mdomoni na kwenye makaratasi. Mikono ikiwa haina kitu, alidhani haisemi kitu. Tena alikuwa amechoka. Akaulizwa jana mwili wako ulifanya nini sana, naye akajibu kweli.

Aliinamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya kitu. Akaunyanyua mguu wa kulia juu sana, akavuka. Akageuza bega la kushoto, akapita upandeupande, akashuka vidaraja viwili. Akachuchumaa. Akasukuma kitu mbele yake, pale sakafuni, kwa vidole vya mikono miwili. Akangoja. Akakivuta. Akasogea kwa magoti hatua mbili, akasukuma tena, akangoja, akavuta. Mara saba. Mara ya tatu, alipokwisha kuvuta, aligeuza kiganja, kama anayefunua kitu kilichofunikwa. Mara ya tano alivuta polepole sana, kama anayevuta kitu chenye maji mpaka ukingoni. Ya sita na ya saba akavuta kama kawaida. Kisha akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, akakaa.

Fikirini akasema, "Ni wako, afande, na sasa ni wetu." Watu arobaini wakainamisha vichwa, wakavuka, wakageuza bega, wakachuchumaa.

Mama Shija alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye jineri ya zamani, kile kiwanda cha kuchambulia pamba kilicho nje ya mji, kilichofungwa, ambacho sasa lango lake lina askari na tangazo kwamba ndani hamna kitu. Kwenye mlango wa chumba cha mashine pale kuna bomba la mvuke limepita chini. Mgeni lazima limgonge kwenye paji la uso, na Mama Shija ana kovu mpaka leo. Kizingiti ni kirefu, kilijengwa hivyo mbegu zisimwagike. Ukivuka lazima ugeuze bega la kushoto, kuna gurudumu la mkanda. Kisha vidaraja viwili. Duniani kote hakuna mlango mwingine unaopitwa namna ile. Mwili wake uliujua kabla kichwa hakijajua. Na lile la kugeuza kiganja mlango wa tatu nalo alilijua.

Alicheza mpaka mwisho. Wakati wa kurudi nyumbani alimwambia Bi Limi kwamba wako jineri, milango saba, na kwamba sahani zinarudi, na sahani haijirudishi. La kiganja hakulisema. Angelisema, mwenzake angeuliza, je, wangu ni upi?

Bi Limi aliendelea kutembea. Naye alikuwa na lake.

Fomu ilijazwa. Mwendo nambari arobaini na moja. Mtoaji: Afisa wa Serikali. Kiungo: mikono, magoti. Nia: njema. Kwa kuwa mtoaji ni wa kwao, Wizara iligonga muhuri bila kufungua ndani.

*

Kila asubuhi kikundi kilianza na duara, na kila mtu alitoa mwili wake wa jana, ndivyo walivyopasha misuli. Kwa hiyo kila asubuhi Kitundu alileta habari bila kujua analeta. Mama Shija alikuwa anakuja mapema, anakaa mbele, anangoja mlango wa tatu. Kiganja kikigeuka anavuta pumzi, anaenda sokoni. Wiki tatu hivyo. Mashavu, ambaye kazi yake ni kukumbuka, alikuwa ameshaelewa, na Fikirini pia, na nadhani ukumbi mzima. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Walikuwa wakimsalimia Kitundu vizuri, wanampa chai.

Jumanne moja Kitundu akaja na macho mabaya kuliko siku zote. Zamu yake ikafika. Akainama, akavuka, akageuza bega, akashuka. Akasukuma, akavuta. Mashavu akahesabu kimoyomoyo. Wa tatu, kiganja kikageuka, na Mama Shija akavuta pumzi kwa sauti mpaka watu wakamsikia. Wa nne. Halafu Kitundu akasogea kwa magoti hatua nne badala ya mbili, akasukuma, akavuta kama kawaida, akasogea, akasukuma, akavuta. Akasimama.

Sita.

Hakuna uliovutwa polepole.

Na wao, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi, wakaufuata hivyo hivyo, hatua nne za magoti kupita mahali pasipo na kitu. Mama Shija anasema, alimwambia Mashavu mwenyewe baadaye, kwamba ile pumzi aliyovuta ndiyo kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kufanya, maana Bi Limi alikuwa kushoto kwake, na alisikia.

Siku hiyo baada ya mazoezi Kitundu alimfuata Fikirini. Kumbe alikuwa ameona nyuso. Akaomba mwendo wake utolewe. Fikirini akamweleza kwamba mwendo ukishatolewa haurudishwi, halafu nambari arobaini na moja ina muhuri. Kuutoa ni lazima aandike barua aeleze nia imebadilikaje. Kitundu akaona hawezi kuiandika barua hiyo. Akawa anavaa kofia, ndipo Mama Shija akamsogelea.

"Afande," akamwambia, "yule wa tatu anakula?"

Kitundu alitazama mlangoni, akatazama kofia. "Anamaliza, mama," akasema.

Bi Limi alikuwa amesimama hapo hapo, kikapu mkononi. Walingoja na yeye aulize. Hakuuliza. Akasema kiangazi kimekuwa kirefu mwaka huu, akaondoka.

*

Siku ya Taifa ikafika. Mwili Mmoja walicheza uwanjani mbele ya Mkuu wa nchi, ambaye kule wanamwita Baba Mtulivu, pamoja na wenyeji mia tatu, kila mmoja akitazama upande wake. Walikoboa, wakapuliza mipira ya baiskeli, wakangoja kwenye benchi. Mwisho kabisa wakaingia kwenye arobaini na moja. Walicheza ule wa kwanza, wa milango saba. Watu mia tatu wameinama, wanasukuma, wanangoja, wanavuta. Bendera zikasikika zikipepea.

Baba Mtulivu akasimama, machozi yanamtoka. Akashika kipaza sauti. Mashavu aliikariri hotuba ile, na huwa anaitoa akiwa amejaza mashavu hewa:

"Ndugu wananchi! Nimeuona moyo wenu. Mmeniinamia bila kusukumwa. Mmepanda miche, au mmepiga deki, wataalamu watatueleza. Lakini mmefanya mkiwa mmepiga magoti, na nchi inayopiga magoti kwa hiari haianguki, kwa sababu tayari iko chini!"

Makofi yalikuwa dakika kumi na moja, sita za lazima.

Iliundwa tume kuchunguza mwendo una maana gani. Ilikaa, ikatembelea nchi za nje, ikaamua kwamba una maana ya unyenyekevu wa mwananchi mbele ya maendeleo. Ikatoka amri: kila Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, king'ora kikilia, kila mtu nchini popote alipo atacheza arobaini na moja kwa robo saa. Asiyecheza atateuliwa kutafakari. Anayemzuia mwenzake kucheza, hata awe nani, atateuliwa kabla yake. Ng'ombe walisamehewa baada ya mjadala mkali bungeni.

Basi ikawa hivyo. Alhamisi saa nne hakimu anashuka kitini, anapiga magoti pamoja na mshitakiwa. Mganga anaacha sindano. Wizarani ghorofa zote tisa zinasukuma hewa chini ya milango. Kitundu akapewa nishani ya Mbunifu wa Taifa. Aliipokea akitazama chini, magazeti yakaandika kwamba ni unyenyekevu. Nchi nzima ikawa inafanya kazi ya askari jela bila kujua. Baadaye ikaanza kujua. Sehemu nyingi akina mama walianza kuulizana kwa nini mara ya tatu kiganja kinageuzwa, na jibu lilitembea kutoka mji hadi mji polepole, kwa magoti, kila Alhamisi.

Wazo la kwenda jineri lilikuwa la Bi Limi. Wote walidhani lingekuwa la Mama Shija. Bi Limi alikuja siku ya Jumatano, akasema kesho yeye atapika ugali, mwenzake apike mlenda, na Mashavu na wengine wachukue sahani saba.

"Sita," Mashavu alisema, ulimi ukamponyoka.

"Saba," Bi Limi akasema.

*

Walifika langoni kabla ya saa nne, wanawake ishirini na wachezaji wa Mwili Mmoja, sahani zimefunikwa na vitambaa. Askari wa lango walikuwa wanane. Mkubwa wao akawauliza wanakwenda wapi, hapa hamna kitu, hawaoni tangazo? Mama Shija akamwambia wameliona, wanangoja muda wa zoezi tu, mwanangu, miguu imechoka.

King'ora kikalia.

Askari wanane wakatazamana. Mkubwa wao akaweka bunduki chini, akainamisha kichwa, akanyanyua mguu wa kulia. Wengine wakamfuata. Walipochuchumaa kusukuma hewa mbele yao, wanawake ishirini wakapita katikati yao na sahani. Mkubwa alifungua mdomo, lakini anayemzuia mwenzake kucheza atateuliwa kabla yake, na wale akina mama walikuwa wanacheza, kila mmoja ameinama kama inavyotakiwa. Akafunga mdomo, akavuta hewa yake.

Bomba lilikuwa pale pale. Mama Shija aliinama bila kulitazama. Kizingiti, bega la kushoto, vidaraja viwili. Ndani milango saba ya chuma imepangwa upande mmoja, na chini ya kila mmoja uwazi wa vidole vinne. Kitundu alikuwamo, zamu yake. Alikuwa amepiga magoti kama amri inavyosema, sahani ya bati iko mbele yake, na alipowaona alibaki vile vile, hakusimama. Mashavu anasema hakuonekana kama mtu aliyekamatwa, alionekana kama mtu aliyefikiwa na zamu ya kulala.

Wakasukuma sahani. Mlango wa kwanza vidole vikatoka, vikachukua. Wa pili hivyo. Wa tatu Mama Shija alisukuma, akangoja, akasikia mtu anakula haraka, halafu kimya, halafu sahani ikarudi imelala kifudifudi. Hakuigeuza. Akaweka kiganja chake juu yake.

"Shija," akasema.

Kisha sauti nyembamba ikauliza: "Mama, ni kina nani hao wote?"

"Ni mji," akasema mama yake.

Bi Limi alikuwa amekwenda mwenyewe mlango wa tano. Hakumwachia mtu. Alisukuma sahani, ikaingia nusu, akangoja. Wa kwanza, wa pili, wa nne, wa sita, wa saba, sahani zote zilirudi tupu. Watu wakawa wanalia na kutaja majina kupitia kwenye ule uwazi. Yeye akangoja. King'ora kikaanza kushuka, robo saa inakwisha. Akavuta sahani yake, imejaa, mlenda umeganda juu. Aliivuta polepole sana, kama anayeogopa kumwaga.

*

Serikali haikukasirika, kwa kuwa haikuwezekana kukasirikia mahali ambapo hamna kitu. Ilitangaza tu kwamba wahitimu wa kwanza wa Likizo ya Kutafakari wamefaulu. Kukawa na mahafali. Watu sita wembamba walivishwa majoho, na Mheshimiwa Waziri akawapa vyeti kwa mkono wake, akawaasa wasiwe na haraka ya kupima mambo. Vyeti vilikuwa vimechapwa saba. Cha saba alikabidhiwa Bi Limi, akapigwa picha, akaombwa asaini kuwa amekipokea kikiwa katika hali nzuri. Daraja, nasikia, lilipimwa upya na wataalamu, likakutwa na mita mia nne na kumi.

Mwili Mmoja walinyang'anywa cheti chao siku hiyo hiyo, kwa kosa la kushirikisha kupita kiasi. Ndiyo maana Mashavu yuko kwangu.

Lakini kabla hajavuka mpaka alikaa siku nane kwa Bi Limi, pamoja na Mama Shija. Shija alikuwa nyumbani amelala. Alilala mchana na usiku, mlango wazi. Bi Limi hakulala. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, cheti kiko mapajani, akipewa chakula anakula, akisemeshwa anajibu, lakini macho hayafungi. Mama Shija kila akifungua mdomo anasikia ile pumzi yake. Siku ya saba aliisema. Alimwambia, "Dada yangu, siku ile ya milango sita, mimi nilifurahi."

"Nilikusikia," Bi Limi akasema. "Na mimi ningefurahi."

Siku ya nane, saa tatu asubuhi, akaja Kitundu. Hakuwa na sare wala nishani. Alisimama uani, akapiga hodi mara tatu, akaitikiwa na Mashavu, lakini hakuingia. Bi Limi akamwambia aingie akae. Akakaa chini.

"Mwanangu," Bi Limi akamwuliza, "mlango wa tano ulikuwa unavuta polepole. Kwa nini?"

"Alikuwa habakishi kitu, ila kitonge pembeni ya sahani. Kila siku. Nilikuwa naogopa kisidondoke."

"Cha paka," Bi Limi akasema. "Tangu mdogo. Kuna paka mle?"

"Yupo, mama. Wa ghala la mbegu, anakamata panya. Nilikuwa nampa."

Bi Limi akatikisa kichwa kukubali, taratibu. Mashavu anasema hapo ndipo walipoelewa kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza kuwa wa tano ni wake, na ile Jumanne alijua, na bado alipika ugali wa sahani saba.

"Umemlaza wapi?"

"Nyuma ya mizani ya pamba. Hatua kumi na mbili. Nilipima." Kitundu akaweka mikono juu ya magoti. "Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nilimlaza vizuri. Hakuna aliyeniharakisha."

Hawakuandika barua kwa mtu. Walikwenda hapo hapo, Fikirini na goti lake, Kitundu, Shija aliyeamshwa akaja amejifunga shuka, na majirani wenye majembe. Walipofika langoni, askari walisoma tangazo lao kwamba ndani hamna kitu, wakaona hawana cha kulinda. Kitundu alihesabu hatua. Shija akazihesabu nyuma yake, kwa mazoea. Zilikuwa kumi na mbili kweli. Walimchukua Luhende, wakamrudisha kwao, wakamzika kabla ya adhuhuri pembeni ya mahali alipokuwa akiegesha lori. Fikirini hakuuliza swali lake, na wala hakuna aliyetoa mwendo wowote, zaidi ya ule wa kutupia udongo, ambao kila mtu alikuwa nao.

Watu wakarudi uani kula. Kitundu alikula kidogo, akasinzia ameegemea ukuta, mdomo wazi, wakamfunika na kanga. Shija alimaliza, akafudikiza sahani, akajilaza mkekani. Mama Shija alisema atakaa macho na mwenzake, akalala amekaa.

Bi Limi alikusanya sahani. Yake aliibakizia kitonge pembeni, akaiweka kizingitini kwa paka yeyote atakayepita. Akarudi, akakikunja kile cheti mara nne, akakiweka chini ya mguu wa kigoda uliokuwa unacheza. Kisha akamwambia Mashavu asiwanyamazishe watu wanaoongea nje, waache waongee. Akajinyoosha kwenye mkeka, mchana wa jua kali, mlango wazi, akageukia ukutani. Mashavu alikaa karibu yake akisikiliza pumzi, mpaka ikawa ndefu, ikawa nzito. Alikuwa amelala.